Verna Kangas Aziba Nyumba

Ofisi ya Nishati ya kaunti yetu inawatangazia wakazi wote kwamba majira ya baridi yamekaribia. Hewa inayoingia nyumbani pasipo kualikwa ni hasara kwa mwenye nyumba na ni hasara kwa umma. Kila dirisha lizibwe kwa nailoni kabla theluji ya kwanza haijakaa, na hakuna dirisha lililo dogo kiasi cha kusamehewa. Nyumba isiyopitisha hewa ndiyo nyumba salama.

Tangazo hilo lilibandikwa posta, maktaba, na kwenye mlango wa duka la vifaa vya ujenzi, ambalo ndilo linalouza nailoni. Lilipobandikwa, theluji ya kwanza ilikuwa imekwisha kukaa.

Verna Kangas alilisoma akiwa amesimama, kama anavyosoma kila kitu. Ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye mikono isiyojua mahali pa kutulia. Aliendesha basi la shule hapa Kettle Landing mpaka alipostaafu, kazi pekee, anasema mwenyewe, iliyowahi kumkalisha kitini. Tangu astaafu hajakaa. Ukimtembelea, anakukaribisha kiti, anakumiminia kahawa, anakukatia mkate wa iliki, kisha yeye anakunywa ya kwake akiwa amesimama karibu na sinki, jicho moja kwako na jingine kwenye barabara, kana kwamba kuna watoto bado wanasubiri pale kona.

Safari hii alikuwa na sababu ya kutokukaa. Mwezi Februari uliotangulia, binti yake Marlys alikuja ghafla kutoka Minneapolis na kumkuta mama yake amelala na kofia ya sufu, ndani ya koti la marehemu mumewe, huku pazia la chumbani likicheza ilhali dirisha limefungwa.

“Mama, unalala na kofia?”

“Ni kofia nzuri.”

“Na koti la baba?”

“Nalo ni zuri.”

Marlys anafanya kazi katika ofisi ya bima, na watu wa bima hawaoni koti, wanaona ajali ambayo haijatokea bado. Alikwenda kwenye kipimajoto cha ukutani, akakisoma, akarudi na kukaa kitandani. Akasema kuna jengo la wazee karibu na kwake, zuri, lenye lifti, joto lake limelipiwa ndani ya kodi. Verna akauliza kama lina sauna, lile bafu la mvuke la Wafini. Lina, alisema Marlys. Ya umeme, unaandikisha jina, na mlango wake ni wa kioo.

“Sauna ya umeme,” alisema Verna, “ni sawa na kuoga ndani ya tosta.”

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa, halafu wakakubaliana, kwa namna ambayo familia hukubaliana wakati kila mtu anaamini atashinda. Marlys angekuja tena Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba. Kama ndani ya nyumba kungefika nyuzi sitini na nane za Farenhaiti, yaani kama ishirini za Selsiasi, bila ile hita ndogo ya umeme ambayo Verna huiburuta chumba hadi chumba kama mbwa mzee, basi hakuna atakayezungumza habari za kuhama. Kama kusingefika, Verna angefunga mizigo kabla ya Krismasi.

Nyumba yenyewe si ya kuisifu. Baba mkwe wake aliijenga alipokuja kutoka Finland kufanya kazi kwenye gati la kupakia madini ya chuma, na madirisha yake ya mbao ni ya zamani kuliko lami ya barabara. Upepo wa Ziwa Superior hauna adabu, nao umeyajua madirisha hayo kwa vizazi vitatu. Wafini wa hapa, wakijenga, huanza na sauna ndipo wafikirie jiko la kupikia, na sauna hii iko chini ya nyumba, chumba cha mbao chenye jiko la kuni na mawe juu yake. Kila Jumamosi jioni lazima iwashwe. Mtu anaweza kukosa kanisa na akaeleweka. Kukosa sauna ya Jumamosi kunahitaji cheti cha daktari.

Mumewe, Waino, alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa vipimo vya Wafini, ambao wakikusalimia mara mbili kwa siku hudhani wamekuchosha. Kila mwaka, kabla wanaume hawajaenda kuwinda kulungu, Waino aliziba madirisha. Verna alishika ile mashine ya kukaushia nywele, ambayo katika mji wetu haijawahi kukausha nywele za mtu. Unabandika utepe wa gundi kuzunguka fremu, unatandaza nailoni juu yake, halafu unaipuliza kwa draya, na lile joto linavuta mikunjo yote mpaka nailoni inakazana kama ngozi ya ngoma. Ukimaliza huwezi kufungua dirisha mpaka Aprili. Unaishi hivyo miezi mitano, ukiwaona jirani zako kama samaki ndani ya barafu.

Hapa kwetu mikunjo ni jambo la heshima. Mtu anayepita barabarani huangalia madirisha yako kabla ya kukuangalia wewe, na nailoni yenye mikunjo ni kama kola yenye jasho. Watu wameandika vitabu vinene kuhusu kuta zilizojengwa kale kuzuia majeshi. Sijaona hata kimoja kuhusu nailoni, ingawa adui wetu huja kila mwaka na hajawahi kuomba amani.

Basi Waino aliziba yote, isipokuwa moja. Chini, kando ya jiko la sauna, kuna kidirisha cha ukubwa wa sinia, kinachofunguka usawa wa theluji. Kila mwaka alikiruka. Mara moja tu Verna alimuuliza.

“Na hili?”

“Hilo liache,” alisema Waino, akapanda ngazi kwenda kunywa kahawa.

Miaka yote Verna aliamini kwamba ni uvivu. Goti la Waino lilikuwa bovu, na kidirisha hicho kinakutaka upige magoti. Alimpenda mumewe, akamwachia uvivu wake, na hata alipofiwa aliendelea kukiruka, kama watu wanavyoendelea kuweka kikombe cha pili mezani.

Mwaka huu alianza Oktoba. Aliziba sebule kwa siku moja, akaamka asubuhi akaona mkunjo kwenye kona, akabandua, akaanza upya. Jikoni alibandua mara mbili. Aliwasha mshumaa akautembeza kwenye kila ufa, akitazama mwali, na pale mwali ulipolala upande aliweka pamba, magazeti, au soksi. Usiku upepo ulipogeuka na kuja kutoka ziwani, nailoni zote zilivimba kwa pamoja na kunywea kwa pamoja, kama mashavu ya mtu anayepuliza chai, na yeye alilala macho kitandani akisikiliza ni ipi inayolia tofauti na wenzake.

Eldon Brekke, jirani yake wa upande wa mashariki, Mnorwe, mjane, mtu wa kejeli tangu shule ya msingi, alikuja kunywa kahawa na kukagua.

“Ile ya chumba cha kulia ina mikunjo.”

“Tazama uso wako kwanza, Eldon.”

“Uso wangu haupitishi baridi.”

“Haupitishi hata akili.”

Eldon akacheka, akanyoosha mkono achukue kipande cha pili cha mkate. Akauliza ni nyuzi ngapi. Verna hakuwa na haja ya kwenda kuangalia, maana alikuwa ametoka kuangalia. Sitini na sita.

“Mbili tu hizo. Vaa sweta, mwambie Marlys sweta ndilo nyuzi mbili zilizobaki.”

“Marlys hahesabu sweta.”

“Basi mle kitu cha moto. Kaa kwanza, bibi wee, unanipa kizunguzungu.”

Hakukaa. Wiki ile ya mwisho kabla ya Shukrani ilikuwa mbaya. Hita kubwa ya gesi, iliyo chini ya nyumba, ilinguruma, sindano ya kipimajoto ikapanda hadi sitini na saba, ikakaa hapo kama punda. Verna alizunguka. Alifungua kabati, akalifunga. Alishuka chini, akapanda, akashuka tena, na kila aliposhuka alihisi kibaridi kikimshika vifundo vya miguu. Alikifuata na mshumaa. Mwali ukainama, ukamwelekeza kwenye kidirisha cha Waino, ambacho kibao chake cha chini kilikuwa kimepinda na hakijafungika vizuri tangu aliyekitengeneza awe hai.

Alisimama pale na mshumaa wake. Tangazo la kaunti lilikuwa mfukoni, maana alilichukua maktaba, jambo ambalo si ruhusa. Hakuna dirisha lililo dogo kiasi cha kusamehewa. Akapiga magoti.

Anakiri kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nailoni nzuri kuliko zote. Haikuwa na mkunjo hata mmoja. Siku ya pili asubuhi sindano ilisoma sitini na nane, na Verna alikula kifungua kinywa akiwa ameegemea kiti, jambo ambalo kwake ni karibu na kukaa.

Marlys alifika Jumatano jioni na bata mzinga kwenye gari na begi la kompyuta. Alivua viatu, akaingia na soksi, akaenda moja kwa moja kwenye kipimajoto. Mama yake alibaki mlangoni akijifanya anakung'uta theluji kwenye zulia.

“Sitini na tisa,” alisema Marlys.

“Leo kuna ubaridi kidogo,” alisema Verna.

“Hita ya umeme iko wapi?”

“Kwa Eldon. Nenda kamuulize.”

Alhamisi walikula. Oveni iliwaka tangu asubuhi, ikafika sabini na mbili, na Marlys akavua sweta na kuliweka juu ya kiti, na mama yake aliliona lile sweta kama watu wengine wanavyoona bendera. Ijumaa walilala mpaka jua likatoka. Hata hivyo Verna hakutulia. Alijua Marlys ana vipeperushi vya lile jengo ndani ya begi, na alijua binti yake hukubali kushindwa kama benki inavyokubali, yaani baada ya kukagua. Marlys alikuwa akipita kwenye madirisha na kugusa nailoni kwa kidole kimoja.

“Umefanya kazi, Mama.”

“Nilikuwa na nafasi.”

“Nitaondoka kesho kutwa. Tutaongea kesho.”

“Tuongee nini? Sitini na tisa ni sitini na tisa.”

“Tutaongea tu.”

Jumamosi saa kumi jioni Verna alishuka kuwasha sauna. Alipanga kuni, akawasha, akafunga mlango, akapanda kwenye benchi la juu kungoja mawe yapate moto. Alitaka kuwa peke yake kidogo kabla ya hayo maongezi. Juu, Marlys alikuwa anakaanga vitunguu vya supu ya mabaki ya bata mzinga, akawasha feni iliyo juu ya jiko, ile ya kuvuta mvuke na harufu kupeleka nje. Verna mwenyewe huwa haigusi. Anasema ni mashine ya kutupia joto barabarani.

Kilichotokea baadaye ni rahisi kueleza, na ofisi ya kaunti ingeweza kukieleza kama ingebaki na nafasi kwenye karatasi. Feni ilivuta hewa ya nyumba na kuitupa nje. Nyumba ilitaka hewa nyingine badala yake, ikatafuta pa kuipitishia, ikakuta kila mahali pamezibwa na mtu makini. Palibaki mahali pamoja tu, dohani ya sauna, yaani bomba la moshi la jiko lake. Hewa ikaanza kushuka kwa njia ambayo moshi ulipaswa kupandia, na moshi ukarudi ulikotoka.

King'ora cha moshi kililia jikoni. Marlys alidhani ni vitunguu. Akapunga taulo chini ya king'ora, akakitukana kidogo, kisha akaongeza feni mpaka mwisho.

Alipoona kwamba moshi unatoka chini ya mlango wa ngazi, na kwamba hauna harufu ya vitunguu, aliacha taulo. Alishuka ngazi huku akikohoa.

“Mama?”

“Niko hapa.” Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa sauna, nzito, ya mtu aliyeamshwa. “Usifungue mlango, joto litatoka.”

Marlys alifungua. Mama yake alikuwa benchi la juu, kichwa kimeegemea ukuta, macho yamefumba nusu, moshi umejaa kuanzia darini mpaka kwenye magoti. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Marlys alimwona mama yake ametulia kabisa, na ndicho kilichomtisha. Alimshika mkono akamvuta. Miguu ya Verna haikutaka kazi. Marlys aliangalia huku na huku, akaona kidirisha chenye nailoni safi, imevutwa kwa ndani kama tumbo la mtu aliyebana pumzi. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akaichana kutoka juu hadi chini. Nailoni ilipasuka kwa kishindo. Alipiga fremu kwa kiganja mpaka kibao kikaachia, na hewa ya Novemba ikaingia ikipiga mluzi.

Halafu akamwinua mama yake ngazi moja moja, akazima feni, akafungua mlango wa mbele na wa nyuma, na wote wawili wakaishia kwenye ngazi ya nje, Verna ndani ya taulo na koti la Waino, Marlys na soksi kwenye theluji.

Mimi ninakaa ng'ambo ya barabara. Niliona vivuli viwili tu kupitia nailoni yangu, nikadhani wanaongea. Eldon, aliyekuwa nje na koleo akizoa theluji, ndiye aliyekwenda.

“Mmeona ni kiangazi?” aliuliza.

“Tunapitisha hewa,” alisema Verna. Alikuwa ametapika kidogo pembeni ya ngazi, na rangi ilikuwa inarudi usoni.

Eldon akatazama moshi uliokuwa ukitambaa kutoka kile kidirisha cha chini, akatazama nailoni iliyochanika ikipepea. Akaweka koleo chini.

“Waino alikuwa analiacha lile.”

“Nilidhani ni uvivu.”

“Alikuwa mvivu,” alisema Eldon baada ya kufikiri. “Lakini si kwa lile.”

Marlys alitaka kumpeleka hospitali. Verna akakataa. Marlys akasema haombi ruhusa. Walikwenda, wakampa hewa safi kwa barakoa, muuguzi mmoja aliyekuwa akipanda basi lake zamani akamshika mkono muda wote, na saa tatu usiku wakaruhusiwa. Walikuta nyumba bado imeachwa wazi, mbele na nyuma. Eldon alikuwa amekaa jikoni na koti lake na kofia, akiilinda, akila vile vitunguu vya supu kutoka kwenye sufuria.

“Ni baridi humu,” aliwaambia. “Nilifikiri mnajua.”

Alipokwenda zake, Marlys alifunga milango, akaenda kwenye kipimajoto, akasimama mbele yake. Verna alibaki na koti mabegani. Kutoka alipokuwa amesimama aliweza kuona sindano, nayo ilikuwa imelala mahali ambapo hajawahi kuiona hata Februari.

“Hamsini na moja,” alisema Marlys.

“Basi nifunge mizigo.”

“Kaa chini, Mama.”

“Nitakunja kwanza yale ya—”

“Mama. Hujakaa tangu nimefika. Kaa.”

Verna akakaa. Kiti kile kilikuwa cha Waino, na hakuzoea kuona jikoni kutoka pale. Marlys alivuta kingine, akakaa mkabala naye, magoti yakigusana, mikono ya mama yake ikiwa imefungiwa ndani ya mikono yake kwa sababu ilikuwa bado inataka kwenda mahali.

“Mwaka mzima nimekuwa nikiogopa utakufa kwa baridi,” alisema. “Sikuwahi kufikiri kwamba utajiua kwa joto, ili usihamie kwangu.”

“Si kwako. Ni kwenye jengo.”

“Ni mitaa miwili kutoka kwangu.”

“Madirisha yake yanafunguka?”

Marlys alifikiri. Yeye mwenyewe anaishi ghorofa ya kumi na nne, nyuma ya kioo kimoja kikubwa kinachotazama kioo kingine kikubwa.

“Hapana,” alisema. “Wala ya kwangu.”

Hita ilinguruma chini yao, ikihangaika na kazi iliyoipata. Verna akasema wao ni wawili na jiko lina kuni, na Jumamosi haijaisha. Marlys akamwambia ana wazimu. Verna akasema wazimu si kitu cha kuzuia mtu kuoga. Marlys akaenda kwanza kukitegemeza kile kidirisha kwa kipande cha kuni kisifunge, akapanda kuhakikisha feni imezimwa, akashuka tena akawasha moto mwenyewe na kuchuchumaa mbele yake mpaka alipoona moshi umeshika njia ya kwenda juu. Kisha wakaingia. Hakuna aliyezungumza habari za kuhama mle ndani, maana kwenye sauna ya Wafini mtu haongei biashara, na walipotoka, wekundu kama kamba waliochemshwa, Verna alisinzia kwenye kiti cha Waino na koti juu yake. Marlys alikaa akimwangalia akipumua, mpaka alipochoka kuhesabu.

Jumapili aliondoka. Vipeperushi aliviacha ndani ya begi, au alivitoa akavichoma. Verna hakuuliza, na mimi nimemsikia akisema yote mawili.

Nailoni za juu bado ziko, na bado hazina mikunjo. Ndani ni nyuzi sitini na nne, siku upepo ukiwa mzuri. Kila Jumamosi kabla ya saa kumi simu hulia kutoka Minneapolis, na Verna huipokea akiwa amesimama. Marlys haulizi tena ni nyuzi ngapi. Anauliza kama dirisha liko wazi.